Tangi la lita sita na safari ya Ifakara: uchambuzi wa kisa kimoja cha karakana

Kisa hiki ni cha karakana yangu mwenyewe hapa Morogoro, na kosa lililomo ni langu kwa sehemu kubwa. Mwenye pikipiki amekubali nikiandike kwa sharti nisitaje jina lake, kampuni anayouzia bidhaa wala namba ya chombo. Humu nitamwita mteja. Vipimo vya lita na kilomita nimevitoa kwenye daftari la kazi, vingine vimeandikwa kwa penseli na mikono yenye oili, ila vinasomeka.

Nawaandikia mafundi wenzangu wanaoletewa kazi za kubadilisha mwonekano, na waendeshaji wanaotamani tangi zuri bila kujua litawafikisha wapi.

Usuli

Mteja anazungusha oda za mbegu na dawa za mifugo. Makazi yake ni Morogoro mjini, na kila baada ya wiki mbili hwenda Ifakara kuchukua oda mpya na kudai madeni ya zamani. Njia yake ni ile ya Iringa: unatoka mjini, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, unatokea Mikumi mjini, unakata kushoto kuelekea Kidatu na Mang'ula hadi Ifakara. Kwa mita ya pikipiki yake ni kilomita 230 kwenda, kati yake kama 120 ni Morogoro hadi Mikumi mjini na 110 zilizobaki ni Mikumi hadi Ifakara.

Kipande cha hifadhini ni kama kilomita 50. Pale hakuna kituo cha mafuta wala kibanda cha mangi. Kuna matuta, kuna vibao vinavyokueleza faini ya kila mnyama utakayemgonga, na wanyama wenyewe wanavuka wanapotaka.

Pikipiki ni Boxer ya cc 150, ya kabureta, ileile unayoiona kila kijiwe cha bodaboda. Tangi lake la kiwandani ni lita 11, lina geji kwenye dashibodi na koki (bomba la kufungulia mafuta chini ya tangi) yenye rizevu, yaani akiba ya mwisho. Mteja alikuwa na mazoea ya kuandika mafuta anayoweka, jambo ambalo wateja wengi hawalifanyi, na kwa hesabu zake ilikuwa inatembea kilomita 44 kwa lita akiwa na begi lake nyuma. Maana yake alikuwa anajaza Morogoro, anafika Ifakara, anazunguka, na kurudi hadi karibu na nyumbani bila kusimama kituoni. Miaka mitatu alipita Mikumi mjini kama anavyopita daraja.

Alichokitaka

Alikuja na picha kwenye simu. Pikipiki nyembamba, siti fupi iliyonyooka, taa ya duara, na tangi dogo lenye umbo la tone la maji. Akaniambia, "Fundi, hili tangi langu limevimba kama nundu ya ng'ombe. Nikipita mtu anajua ni bodaboda. Nataka nipite waulize ni pikipiki gani ile."

Sikumcheka, na sitaki msomaji amcheke. Mtu anayekaa juu ya chombo saa 6 kwa siku ana haki ya kukipenda kwa macho. Tena alikuwa na hoja ya kibiashara: vijijini wakulima humkumbuka mtu kwa chombo chake.

Vijana huuita mtindo huo kafe resa. Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960 walioanzisha kafe resa walipenda matangi marefu ya mbio, mengi yakiwa makubwa kuliko ya kiwandani. Tangi dogo la tone asili yake ni Marekani. Harley-Davidson waliliweka kwenye pikipiki yao ndogo ya cc 125 mwaka 1948, kisha mwaka 1958 wakalipandisha kwenye Sportster XLCH, na watu wakaliita tangi la karanga. Lilikuwa linachukua kama lita 8 juu ya injini ya cc 883, na mpaka leo wenye Sportster za aina hiyo hukata safari zao kwa kuhesabu vituo vya mafuta. Kwa hiyo tatizo la mteja wangu lina umri wa kunizidi.

Nilimpa njia tatu. Ya kwanza, tubaki na tangi la kiwandani, tubadilishe siti, taa na rangi. Macho yatadanganyika kwa kiasi kikubwa. Ya pili, tulikate tangi lilelile na kulipunguza mabega. Ya tatu, tutafute tangi jingine. Akachagua ya tatu kabla sijamaliza kuieleza. Nilimuuliza kuhusu Ifakara, akasema, "Kwani lita sita hazifiki Ifakara?" Nikapiga hesabu kichwani, nikasema zinafika. Neno hilo moja ndilo lililozaa kisa chote.

Kazi ilivyofanyika

Tulipata tangi la pikipiki ya zamani ya Kijapani ya cc 50, jembamba, zuri kweli, kutu ndani lakini chuma bado kizima. Tatizo ni kwamba chasisi ya cc 50 ina bomba jembamba la mgongo, na Boxer ina bomba nene. Tangi hukaa juu ya bomba hilo kama tandiko juu ya punda: chini yake katikati kuna mfereji, na pande mbili za mfereji tangi hushuka na kufanya mashavu mawili. Ili likae, ilibidi tukate mfereji ule, tuupanue na kuupandisha juu, kisha tuchomelee bati jipya.

Kuhusu kuchomelea, narudia kila mara na nitarudia hapa. Tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke huo hukaa kwenye mikunjo ya bati miezi mingi baada ya mafuta kuisha. Tulilisuuza kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, tukalijaza maji mpaka karibu na mshono tunaouchomelea, tukaacha mdomo wazi, ndipo moto ukawashwa. Kijana wangu wa kuchomelea alinung'unika kwamba maji yanapoza bati. Yanapoza, ndiyo. Bati lililopoa nalirekebisha.

Kutu tuliitoa kwa siki ya dukani: tangi likalala na siki siku mbili pamoja na nati ndogondogo za kukwangua, tukatikisa asubuhi na jioni, tukamwaga, tukasuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, tukakausha na kuzungusha mafuta mepesi ndani. Tukaweka mipira chini ya sehemu za kushikilia ili mtikisiko usipasue mishono, tukahakikisha mpini ukikatwa kulia na kushoto mpaka mwisho haugusi bati, tukaweka chujio jipya kwenye mpira wa mafuta. Kazi hiyo yote ilikaa vizuri na haikutusumbua baadaye.

Sasa yale yaliyotusumbua. Tangi lile lilikuwa na tundu moja la koki, upande wa kushoto. Tukaweka koki ya kawaida ya kufunga na kufungua, isiyo na rizevu, kwa sababu ndiyo iliyoingia kwenye uzi wake. Geji tuliiondoa, maana tangi la cc 50 halina mahali pa kuweka boya lake. Kisha mteja akaomba kitu kimoja zaidi: toa boksi la eya klina, yaani la chujio la hewa, chini ya siti ili pale katikati pabaki wazi, uone upande wa pili. Tukalitoa, tukaweka chujio la koni moja kwa moja kwenye kabureta, na kwa kuwa hewa iliongezeka tukaweka jeti (kitundu cha kupimia mafuta ndani ya kabureta) kubwa zaidi. Egzosti nayo ikakatwa fupi.

Mwisho tukalipima tangi. Liko mezani, limelala sawa, kijana anamimina maji kwa chupa ya lita moja mpaka mdomoni. Lita 6.4. Nikaandika kwenye daftari: 6.4 mara 44 ni kilomita 281. Ifakara ni 230. Zinabaki 51.

Tuliijaribu kutoka Msamvu hadi Mzumbe na kurudi, tangi likiwa limejaa. Ilikimbia vizuri, ikanguruma vizuri, na picha zilipigwa nyingi.

Safari

Kwenda hakukuwa na tatizo, kwa sababu siku ile alisimama Mikumi mjini kunywa chai na akaongeza mafuta kwa furaha tu ya kuwaonyesha watu wa kituoni. Ndiyo maana kosa halikujionyesha mapema.

Kurudi alijaza Ifakara mpaka mdomoni, akatoka mchana. Alipofika Mikumi mjini mita ilikuwa imesoma kilomita 110. Kituo alichokizoea kilikuwa na malori mawili pampuni na jua lilikuwa linashuka. Alitaka kuvuka hifadhi kabla ya giza. Akafanya jambo ambalo kila mwendeshaji hulifanya: akafungua mfuniko, akachungulia, akaona mafuta. Akaitikisa pikipiki, akasikia chwa, chwa, chwa. Akapiga hesabu yangu: 281 toa 110, zinabaki 171, na Morogoro ni 120. Akafunga mfuniko akaondoka.

Kwenye kilomita 148 ilikohoa mara mbili na kuzima. Alikuwa kilomita 38 kutoka Mikumi mjini, bado ndani ya hifadhi, saa 12 kasoro jioni, na upande wa kulia wa barabara kulikuwa na tembo wanne wanakula bila kumjali.

Alifungua mfuniko. Mafuta yapo, anayaona kwa macho yake. Akanipigia simu, na kwa bahati mtandao ulikuwepo.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa mfuniko. Mfuniko wa tangi una tundu dogo la kupitisha hewa. Likiziba, mafuta yanaposhuka hakuna hewa ya kujaza nafasi yake, tangi linavuta utupu na mafuta yanasimama. Dalili zake ni hizohizo: pikipiki inazima tangi likiwa na mafuta. Nikamwambia awashe mfuniko ukiwa umelegezwa. Haikuwaka. Ushauri wangu wa pili ulikuwa kutu kwenye chujio. Akachomoa mpira kwenye kabureta, akafungua koki: halikutoka hata tone. Akachomoa kabla ya chujio: vilevile. Nikabaki kimya kwenye simu, najisikia mjinga, na nyuma ya sauti yake nasikia ndege wa jioni.

Aliyemwokoa ni utingo wa lori lililosimama kumuuliza kama yuko salama. Yule kijana alikuwa dereva wa bodaboda kabla ya kupanda malori. Alichungulia tangi, akacheka, akasema, "Ilaze, bosi. Ilaze kushoto mpaka mpini uguse lami." Wakailaza, wakahesabu mpaka 15, wakaiinua. Ikawaka kwa kiki ya tatu.

Alitoka hifadhini na kununua petroli ya chupa kwenye kijiji cha kwanza. Biashara hiyo ya chupa ipo na ilimsaidia, lakini nakiri kwamba mimi hainipendezi. Sisi tuliokuwa Morogoro Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka pale Msamvu na watu wakaenda kuchota, tukazika zaidi ya watu 100, hatuioni petroli iliyo kwenye chupa ya maji kama kitu cha kawaida. Alipofika kwangu saa 3 usiku hakunisalimia. Alisema tu, "Fundi, lita sita hazifiki."

Tulichokipima kesho yake

Safari hii tulilipima tangi likiwa mahali pake, juu ya pikipiki, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Tulilikausha kabisa, tukamimina petroli kwa kipimo mpaka likajaa, kisha tukafungua koki na kuyapokea yote kwenye jagi lenye alama mpaka tone la mwisho.

Ziliingia lita 6.1. Zile 0.3 zilizopungua ni kwa sababu tangi likiwa juu ya chasisi linainua pua, na hewa hunaswa mbele ya mdomo ambako mafuta hayafiki. Mezani lilikuwa limelala sawa, kwa hiyo lilijaa lote.

Zilitoka lita 4.7.

Lita 1.4 zilibaki ndani. Kidogo sana kati ya hizo, kama 0.2, zilikuwa shavu la kushoto chini ya mdomo wa koki. Lita 1.2 zilikuwa zimekaa shavu la kulia kama maji kwenye mtungi, kwa sababu hakuna tundu upande ule na ukingo wa mfereji ulikuwa juu kuliko mafuta. Tulipoupanua na kuupandisha mfereji ili tangi likae juu ya bomba nene, ndipo tulipojenga ule ukuta katikati. Kwenye cc 50 mfereji ulikuwa mfupi, mafuta yalivuka mpaka karibu na mwisho. Sisi tuliligeuza tangi moja kuwa mawili, na la pili hatukulitoboa.

Ndiyo maana aliona mafuta, na ndiyo maana alisikia chwa chwa chwa. Aliyoyaona Mikumi mjini karibu nusu yake yalikuwa ya shavu la kulia. Alipoilaza kushoto, mafuta yakapanda ukuta na kumwagikia upande wenye koki. Madereva wa bodaboda hufanya hivyo kila siku kukamua matone ya mwisho, mimi mwenyewe nimewaona mara mia, na sikulikumbuka nilipohitaji.

Halafu ulaji. 148 kwa 4.7 ni karibu kilomita 31 na nusu kwa lita. Ile 44 niliyoitumia ilikuwa ya pikipiki nyingine kabisa, pikipiki iliyokuwa na boksi la hewa, jeti ndogo na egzosti nzima. Ukitoa boksi na kuongeza jeti ili kuweka uwiano, mara nyingi unazidisha upande wa mafuta, hasa fundi akipima kwa sikio kama nilivyopima. Plagi yake ilikuwa nyeusi ya masizi makavu. Ilionyesha wazi kwamba mafuta yanazidi, mimi ndiye sikuifungua kabla ya safari.

Maamuzi

Jambo la kwanza niliamua mwenyewe: kazi ya kurekebisha sitamtoza ufundi, atalipia vifaa tu. Alikuja na swali halali, nikampa jibu la kichwani. Kijana wangu aliona nimezidi upole. Sidhani.

La pili lilikuwa shavu la kulia. Tulitoboa tundu sehemu ya chini kabisa ya shavu hilo, tukachomelea kinyonyo kidogo cha shaba, na kingine kama hicho upande wa kushoto, tukaunganisha kwa mpira wa mafuta unaopita chini ya bomba la chasisi. Kwa njia hiyo pande zote mbili hushuka pamoja, kama mitungi miwili iliyounganishwa. Mpira huo lazima ukae mbali na kichwa cha injini na usining'inie kiasi cha kunaswa na goti. Tuliufunga kwa vibanio na kuuvika ala ya kuzuia joto.

La tatu, koki. Tulitengeneza kipande cha kuunganisha uzi wa tangi na koki yenye rizevu. Koki hiyo ina bomba refu linalosimama ndani ya tangi na tundu fupi chini. Ukiwa kwenye nafasi ya kawaida mafuta huisha yakifika kimo cha bomba refu, pikipiki inakohoa, unageuza koki, unapata yaliyobaki. Tulilikata bomba hilo refu mpaka rizevu ikawa lita 0.9.

La nne lilikuwa gumu kwa mteja: boksi la hewa lirudi, na jeti ya kiwandani irudi. Alibishana. Pale katikati palipokuwa wazi ndipo alipopapenda kuliko kitu chochote. Tukafikia mahali: boksi limerudi, lakini tulilipaka rangi nyeusi isiyong'aa na kupunguza vifuniko vya pembeni. Ukiwa mita tano hulioni.

La tano lilikuwa lake. Nilimshauri arudishe tangi la lita 11 kwa safari za Ifakara na kuweka dogo kwa siku za mjini. Matangi yote mawili sasa yalikuwa na mikao ileile, kubadilisha ni dakika 20. Alikubali, akabadilisha mara mbili, mara ya tatu akaniambia waziwazi kwamba hana nia ya kuendelea. Akilitazama tangi kubwa juu ya siti mpya anaona aibu.

Matokeo

Kipimo cha mwisho kabla hajaondoka: zinaingia lita 6.1, zinatoka 5.8, kati yake 4.9 kabla ya rizevu. Ulaji akiwa na begi, kwa mwendo wa 70 hadi 80, kilomita 40 kwa lita. Hatukuirudia ile 44, na nadhani egzosti fupi ina mkono wake. Hiyo ni kilomita 196 mpaka ikohoe, na 36 za rizevu.

Kwa maneno mengine, Ifakara hadi Morogoro bado haifiki kwa usalama. Jumla ni 232, safari ni 230, na hakuna mtu mwenye akili anayeingia hifadhini na mbili za ziada. Lakini kutoka Mikumi mjini kwenda upande wowote kati ya miji hiyo miwili inafika na kubakiza. Akabandika kipande cha tepu nyeupe kwenye dashibodi, pale ilipokuwa geji, na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: MIKUMI LAZIMA. 190 KOKI.

Ameendesha hivyo miezi saba sasa.

Kilichofaa na kilichoharibika

Nianze na kipimo, kwa sababu ndicho kiini. Tangi lina ujazo wa aina tatu, na sisi mafundi tunazungumza kana kwamba lina mmoja. Kuna unaoingia likiwa mezani, unaoingia likiwa juu ya chombo, na unaotoka kwenye koki. Kwenye tangi la kiwandani tofauti ni ndogo kwa sababu mhandisi alishakaa nalo. Kwenye tangi la kuunga ilikuwa 6.4, 6.1 na 4.7, na mimi nilimpa mteja namba ya kwanza. Kipimo cha kweli kingenigharimu nusu saa na jagi. Sasa nakifanya kwa kila tangi, hata lililopinda tu na kunyooshwa, na mteja anasimama pale aone.

Jaribio la Mzumbe halikuwa jaribio. Tangi lililojaa haliwezi kukuonyesha litakavyokuwa linapokaribia kwisha. Ningeweka lita moja na nusu nikazunguka Kihonda, ingezima mbele ya watu, tungecheka, na kosa lingekuwa limepatikana mtaani. Sasa jaribio langu la kwanza la tangi lolote ni hilo: mafuta kidogo, karibu na nyumbani.

Tulibadilisha tangi, njia ya hewa na egzosti kwa mkupuo mmoja, halafu tukaendelea kutumia ulaji wa zamani. Watu wakipima urembo na umbali hufikiri juu ya ukubwa wa tangi peke yake. Hapa umbali uliliwa pande zote mbili. Kama ulaji ungebaki 44, hata hizo 4.7 zingempeleka kilomita 206 hivi. Asingefika Morogoro, lakini angekuwa ametoka hifadhini muda mrefu. Mvuto wa macho uliompunguzia zaidi haukuwa tangi dogo tu. Ule uwazi wa chini ya siti nao ulikula kilomita 50 na zaidi, na hakuna aliyeuweka kwenye mizani.

Kuondoa geji na rizevu kwa pamoja lilikuwa kosa ambalo silitetei. Geji pekee, sawa, pikipiki nyingi nzuri hazina. Rizevu pekee, labda, kama geji ipo. Tulimpokonya vyote viwili, tukamwachia macho na masikio, na vyote viwili vilimdanganya kwa sababu ya lita 1.2 za shavu la kulia.

Yaliyokwenda sawa nayo niyataje. Uchomeleaji ulifanyika kwa maji ndani na hakuna mshono uliovuja. Chujio lililofunguliwa baada ya safari lilikuwa safi, kwa hiyo siki ilifanya kazi. Mfuniko ulikuwa unapumua vizuri, niliushuku bure. Daftari la mteja mwenyewe, lile la kuandika lita na kilomita, ndilo lililotuwezesha kujua ulaji ulishuka kiasi gani badala ya kubishana.

Kuna hoja ya uzito ambayo mteja aliitaja mwanzoni, kwamba tangi dogo litaifanya pikipiki kuwa nyepesi. Petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo kwa lita. Kupungua kutoka lita 11 hadi 6 ni kilo tatu na nusu hivi, na begi lake la sampuli nililipima: kilo 19. Hoja hiyo tuliiacha palepale.

Kuhusu kama alipaswa kubaki na tangi kubwa, mimi na yeye hatujakubaliana. Naona mtu anayevuka Mikumi kila baada ya wiki mbili anahitaji mafuta ya kumsahaulisha mafuta. Yeye anasema hapo awali hakuwahi kusimama Mikumi mjini, na sasa ana wateja wawili wa mbegu pale, wote walianza kwa kuuliza ni pikipiki gani ile. Sina jibu la hilo.

Gharama ya uamuzi wake imejitokeza mara moja tu. Mwezi wa tano alifika Mikumi mjini akitokea Ifakara, umeme umekatika, pampu zimekaa kimya, na jenereta ya kituo ilikuwa na hitilafu. Mita ilisoma 112. Kwa tangi la zamani angepita tu. Alikaa saa mbili na nusu. Jioni alinitumia picha ya pikipiki imeegeshwa chini ya mti, mwanga wa jua la magharibi unapiga ubavuni mwa tangi, na maneno haya chini yake: "Nimekwama, fundi. Lakini hebu itazame."